Barua Iliyoandikwa Vizuri: Kwa Nini Vijana wa Bujumbura Wameipokea Akili Unde



Katika mji wa Bujumbura, kando ya ofisi na karibu na vyuo, kuna vibanda ambavyo wenyeji huviita kwa Kifaransa "secrétariat public". Ndani yake mna kompyuta moja au mbili, mashine ya kutoa nakala, rundo la karatasi, na mtu anayejua kuandika. Anayetaka kuomba kazi, kulalamikia mpaka wa kiwanja au kuomba nafasi ya masomo hueleza haja yake kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Mwenye kibanda huigeuza haja hiyo kuwa barua ya Kifaransa, yenye salamu rasmi mwanzoni na heshima ndefu mwishoni. Mteja hulipa, hutia saini, huondoka. Wapo wanaoondoka bila kuweza kuisoma vizuri barua iliyobeba jina lao.

Siku hizi kijana mwenye simu anaweza kuipata barua hiyo akiwa ameketi chini ya mwembe. Huandika ombi lake kwa maneno machache, hata yenye makosa, na baada ya sekunde kadhaa barua iko tayari. Katika makala hii nataka tujiulize swali moja: ni nini kinachowasukuma vijana kuipokea akili unde kwa haraka hivi? Wengi hujibu kwa neno moja, uvivu. Mimi ninaona kwamba jibu hilo linawaonea vijana na tena linatuficha historia yetu. Ili tulipate jibu la haki, inatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Jina la chombo na sababu za wataalamu

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Kiswahili kina majina matatu yanayoshindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Nitatumia la tatu, kwa kuwa linatokana na kitenzi "kuunda", nalo linatukumbusha kwamba chombo hiki kimeundwa na watu. Tunachokizungumzia hasa ni akili unde zalishi, yaani programu inayozalisha maandishi, picha au sauti baada ya kupewa ombi kwa lugha ya kawaida. Programu ya namna hii hufunzwa kwa maandishi mengi mno, kisha hukadiria ni neno gani linafaa kufuata baada ya maneno yaliyotangulia. Iliyojulikana zaidi kati ya programu hizo, ChatGPT, ilitolewa kwa umma na kampuni ya OpenAI ya Marekani tarehe 30 Novemba 2022.

Vijana ndio walioipokea kwa wingi zaidi. Nchini Marekani, kituo cha utafiti cha Pew kiliripoti mwaka 2025 kwamba asilimia 58 ya watu wazima walio chini ya miaka 30 walikuwa wamekwisha kuitumia ChatGPT, ilhali kwa watu wazima wote kiwango kilikuwa asilimia 34. Kwa jirani zetu wa Kenya, ripoti ya DataReportal ya mwaka huohuo ilionyesha kwamba asilimia 42.1 ya watumiaji wa intaneti wenye umri wa miaka 16 na zaidi walikuwa wameitumia katika muda wa mwezi mmoja. Kiwango hicho kiliiweka Kenya mbele ya mataifa mengi tajiri.

Wataalamu wamekwisha kutafuta sababu za mambo ya namna hii tangu zamani. Mwaka 1989 Fred Davis alieleza kwamba mtu hupokea chombo kipya akiona kwamba kina manufaa na kwamba ni rahisi kukitumia. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake walikusanya nadharia kadhaa na kutaja mambo manne: manufaa yanayotarajiwa, wepesi wa kutumia, msukumo wa watu wa karibu, na mazingira yanayowezesha. Nadharia hii inatusaidia kupanga mawazo. Hata hivyo, haituelezi kwa nini kitu fulani kiwe na manufaa makubwa Bujumbura kuliko Chicago, wala kwa nini wepesi fulani uthaminiwe kuliko mwingine. Hayo ni mambo ya historia.

Kiswahili, chombo kipya cha zamani

Mji wa Bujumbura, ambao hadi uhuru uliitwa Usumbura, ulianza kukua kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika. Askari, wapagazi na wafanyabiashara waliokifuata kituo hicho, baadhi yao wakitoka Ujiji na Manyema, walizungumza Kiswahili. Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916, waliwakuta Waswahili hao, na baadaye wakawatengea mtaa wao. Mtaa huo ndio Buyenzi ya leo, yenye barabara zinazotajwa kwa nambari na misikiti ambamo Kiswahili husikika tangu alfajiri.

Watawala wa Kibelgiji hawakukipenda sana Kiswahili. Ofisini walitumia Kifaransa, na wamisionari walipendelea Kirundi, kwa kuwa Kiswahili walikihusisha na Uislamu na maisha ya mjini. Pamoja na hayo, kijana aliyeteremka kutoka milimani kutafuta kazi Usumbura alijifunza Kiswahili, na hapakuwa na shule iliyomlazimisha. Tazama jinsi mambo manne ya Venkatesh yanavyomfaa kijana huyo. Kiswahili kilimpa kazi sokoni na bandarini, basi kilikuwa na manufaa. Alikijifunza kwa kuketi na watu, basi kilikuwa chepesi. Wenzake walikizungumza, na asiyekijua alichekwa kuwa mshamba. Na walimu wake walikuwa jirani zake, wasiodai ada.

Lugha hiyo iliyodharauliwa ofisini ilibeba hata siasa ya uhuru. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara, Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, chama chake cha Uprona kilipata viti 58 kati ya 64. Rwagasore akawa waziri mkuu, na majuma mawili tu baadaye, tarehe 13 Oktoba 1961, akauawa kwa risasi mjini Usumbura akiwa na umri wa miaka 29. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye. Naomba mlikumbuke jina lake na tarehe hizi, kwa maana tutazirudia.

Mlango wa Kifaransa

Kiswahili kilimfungulia kijana mlango wa mjini, lakini hakikumfungulia mlango wa ofisi. Mlango huo ulikuwa wa Kifaransa. Shule maarufu ya Astrida, katika mji wa Rwanda ambao leo unaitwa Huye, iliwapokea hasa watoto wa machifu na kuwaandaa wawe makarani na wasaidizi wa utawala. Rwagasore mwenyewe alipitia huko. Mwafrika aliyezungumza Kifaransa kilichonyooka, akavaa suti na kuandika barua isiyo na kosa, aliitwa "évolué", yaani mtu aliyeendelea. Neno hilo lina dharau ndani yake, kwa sababu linamaanisha kwamba wengine wote wamebaki nyuma.

Baada ya uhuru mlango haukuhamishwa. Chuo kikuu kilianzishwa Bujumbura mwaka 1964, na lugha yake ikawa Kifaransa. Mtoto wa Burundi huanza kusoma kwa Kirundi, lugha ambayo takriban kila Mrundi anaielewa, kisha katika madarasa ya mbele masomo hugeukia Kifaransa. Wengi hujikwaa hapo. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu hushindwa kwa sababu swali halielewi. Tangu katikati ya muongo wa 2000, Kiingereza na Kiswahili vimeingia katika shule za msingi, na nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kwa hiyo mtoto mmoja sasa hubeba lugha nne, na barua ya kuomba kazi bado huandikwa mara nyingi kwa Kifaransa.

Elimu hiyo haikuwa jambo dogo katika nchi yetu, na wakati mmoja iligharimu roho. Mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka kusini ambamo Watutsi wengi waliuawa, utawala wa wakati ule ulilipiza kwa mauaji makubwa yaliyowalenga hasa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Kwa miaka mingi baadaye wapo wazazi walioogopa kuwapeleka watoto wao shuleni. Kwa namna hiyo, kujua kuandika barua kwa lugha ya ofisi kulibaki mikononi mwa wachache, na wale wachache waliaminiwa kupita kiasi. Aliyesema kwa Kifaransa kizuri alidhaniwa kuwa anasema kweli. Mazoea hayo yamo ndani yetu hata leo.

Sauti iliyotoka redioni, kisha simuni

Chombo kingine kilichoingia kwa nguvu kilikuwa redio. Redio haikudai Kifaransa wala kusoma, nayo ilimfikia mkulima shambani. Mwaka 1994, nchini Rwanda, kituo cha RTLM kilituonyesha sote jinsi sauti changamfu, yenye muziki na mizaha ya vijana, inavyoweza kuhimiza mauaji ya halaiki. Wasikilizaji walivutwa na ile ile sifa inayovuta watu kwenye chombo chochote: kilizungumza lugha yao, kwa namna yao, kila siku.

Burundi nayo ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura, ambamo waandishi Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja. Habari iliyoandaliwa na watu wa pande zote mbili ilikuwa imekwisha kuulizwa maswali kabla ya kumfikia msikilizaji. Mwaka 1997 studio hiyo ilianza mchezo wa redio uitwao "Umubanyi Niwe Muryango", ambao jina lake laweza kufasiriwa kuwa jirani ndiye ndugu. Baadaye vikafuata vituo binafsi, vikiwemo Radio Publique Africaine mwaka 2001 na Isanganiro mwaka 2002. Vijana wengi wa Bujumbura walikua wakisikiliza vituo hivyo, na mwananchi wa kawaida aliweza kusikika bila barua ya Kifaransa.

Kisha ukaja mwaka 2015. Mwishoni mwa Aprili, wakati wa maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa rais, mitandao kama Facebook na WhatsApp ilizuiwa kwenye simu. Tarehe 13 Mei jaribio la kupindua serikali lilitangazwa redioni, na kufikia tarehe 14 vituo kadhaa vilikuwa vimeshambuliwa na kunyamazishwa: baadhi vilivyoikosoa serikali, na kimoja, Rema FM, kilichoiunga mkono. Waandishi wengi wakakimbia nchi. Waliobaki wakaanzisha SOS Médias Burundi, iliyopeleka habari kwa mitandao ya kijamii, na walioko Kigali wakaanza kurekodi matangazo yaliyosambazwa kwa WhatsApp. Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa kufunguliwa tena mwaka 2016.

Jambo lililotokea miezi ile halikuisha na mgogoro. Kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati huo alizoea kutafuta habari simuni, kwa kificho, kutoka kwa sauti asiyojua imetoka wapi. Alijifunza kukwepa vizuizi, kupokea rekodi kutoka kwa rafiki na kuipeleka kwa rafiki mwingine. Alijifunza pia, mara nyingi kwa maumivu, kwamba uvumi husafiri kwa njia hiyohiyo. Kijana huyo leo ni mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, na ndiye anayeandika ombi lake kwa akili unde.

Sababu za leo

Sasa tunaweza kuyarudia yale mambo manne tukiwa na historia mkononi.

Manufaa yanayotarajiwa ni yapi? Kwa kijana wa Bujumbura, la kwanza ni Kifaransa, na siku hizi pia Kiingereza. Akili unde humpa kwa dakika moja kile ambacho shule haikumpa kwa miaka kumi, yaani ukurasa usio na kosa la sarufi. Humwandikia barua ya kazi, humfupishia kitabu, humweleza somo ambalo mwalimu alilipita haraka katika darasa lenye wanafunzi wengi. Asiyewahi kusimama mbele ya mlango uliofungwa hawezi kujua utamu wa ufunguo huo.

Wepesi nao una sura yake hapa. Kuuliza mashine hakuleti aibu. Katika utamaduni wetu, kijana humwonea haya mkubwa, na mwanafunzi huogopa kuuliza mara ya pili asije akaonekana mjinga. Mashine haichoki, haikunji uso, wala haimuulizi ametoka mlima gani au ni mtoto wa nani. Katika nchi ambamo swali la asili liliwahi kuwa swali la kifo, hilo si jambo dogo.

Msukumo wa wenzao hupitia vikundi vya WhatsApp. Mmoja akipata alama nzuri kwa kutumia chombo, wengine kumi wanajua kabla ya jioni. Kijana anayekataa kukitumia huhisi kama yule mgeni wa Usumbura asiyejua Kiswahili.

Mazingira yanayowezesha ndiyo yenye upungufu mkubwa zaidi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilizofika pwani ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2009 zilishusha gharama hadi nchi zisizo na bahari, na kampuni ya Lumitel ilipoingia sokoni mwaka 2015 ushindani uliongezeka. Lakini kwa makadirio ya kimataifa ni takriban mtu 1 kati ya 10 nchini Burundi anayetumia intaneti, na umeme nao huwafikia wachache. Kwa hiyo tunapozungumzia vijana wanaotumia akili unde, tunazungumzia zaidi vijana wa mjini, wenye simu nzuri na pesa ya kununua data. Mwenzao wa mlimani bado yuko kwa mwenye kibanda, au hana hata kibanda. Ufunguo mpya umegawiwa kama ule wa zamani.

Kuna na jambo la lugha. Huduma ya tafsiri ya Google ilianza kukihudumia Kiswahili mwaka 2009. Kirundi kiliingia mwaka 2024, katika kundi la lugha 110 zilizoongezwa kwa mkupuo mmoja. Ni miaka 15 ya tofauti, na sababu yake ni kwamba mashine hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi ya Kirundi katika intaneti ni machache. Kijana akiiuliza mashine kwa Kirundi, jibu huweza kuja limepinda. Akiuliza kwa Kifaransa, huja limenyooka. Basi hujifunza upesi kuiacha lugha ya mama yake mlangoni, kama babu yake alivyofunzwa Astrida.

Insha isiyo na kosa

Nitasimulia jambo moja la darasani. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea insha fupi ya Kifaransa juu ya mashujaa wa uhuru, ili tuitafsiri pamoja kwa Kiswahili. Kifaransa chake kilikuwa safi kuliko changu. Katika aya ya pili iliandikwa kwamba Rwagasore alikuwa rais wa kwanza wa Burundi.

Nilimwuliza, "Mwanangu, Rwagasore alikufa mwaka gani?"

Akajibu bila kusita, "Mwaka 1961, Mwalimu. Kila tarehe 13 Oktoba tunamkumbuka."

"Na jamhuri ilitangazwa lini?"

Akanyamaza kidogo. Alijua kwamba mfalme aliendelea kuwapo baada ya uhuru, na kwamba aliyetangaza jamhuri na kuwa rais wa kwanza, mwezi Novemba 1966, ni Michel Micombero. Alijua yote hayo tangu shule ya msingi. Akacheka kwa haya, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, nikadhani mimi ndiye niliyekosea."

Hapo ndipo penye hatari, na ndipo penye somo la uraia. Kijana huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na ukweli kichwani mwake, akauacha kwa sababu uliokuja kushindana nao ulivaa suti ya Kifaransa. Akili unde hukadiria maneno yanayofaa kufuatana. Haina shahidi wa kumwita wala kumbukumbu ya mazishi ya Rwagasore. Ikikosea, hukosea kwa sarufi ileile nzuri na kwa utulivu uleule. Na sisi, kwa miaka mia moja, tumefundishwa kumwinamia anayesema vizuri. Sababu kubwa inayowavuta vijana wetu kwenye chombo hiki, yaani lugha ya ofisi isiyo na kosa, ndiyo hiyohiyo inayowazuia kukishuku.

Tena tusisahau asili ya neno "unde". Gazeti la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba kabla ya ChatGPT kutolewa, wafanyakazi wa Nairobi walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama walisoma na kupanga maandishi ya kutisha ili mashine ijifunze kuyaepuka, kwa malipo yaliyokuwa chini ya dola 2 za Marekani kwa saa. Sauti tulivu inayomjibu kijana wa Bujumbura imesafishwa na kijana mwenzake wa Nairobi. Chombo hiki si malaika aliyeshuka kutoka mbinguni. Ni kazi ya mikono ya watu, tena wengine ni jirani zetu.

Mfano wa jirani

Nairobi hiyohiyo imetupa mfano wa kutia moyo. Mwezi Juni 2024, vijana wa Kenya walipokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha, msanidi programu mmoja alitengeneza chombo kilichoitwa Finance Bill GPT. Mswada ule ulikuwa mrefu, umeandikwa kwa lugha ya wanasheria, na mwananchi wa kawaida hakuweza kuujua kwa urahisi. Kwa chombo kile, mtu aliuliza swali lake kwa maneno ya kawaida na kuelezwa jinsi kodi fulani ingegusa mfuko wake. Vijana wengine wakaeleza vifungu vya mswada kwa Kiswahili na lugha nyingine katika video fupi. Maandamano yalikuwa na vifo vya kuhuzunisha, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo.

Tofauti kati ya mfano huu na insha ya mwanafunzi wangu iko wazi. Katika mfano wa Nairobi kulikuwa na waraka wenyewe, ambao mtu yeyote angeweza kuufungua na kulinganisha. Kulikuwa na watu wengi waliosoma pamoja, wakasahihishana na kubishana. Mashine ilikuwa ngazi ya kuufikia waraka. Katika insha ile, mashine ilikaa mahali pa waraka, na kijana alikuwa peke yake.

Wazee wa Studio Ijambo walilijua jambo hili kabla ya intaneti kufika kwetu. Habari iliaminika kwa sababu watu wawili wenye sababu za kutofautiana walikuwa wameikagua. Uzuri wa sauti ya mtangazaji ulikuja baadaye.

Tufanye nini?

Kuwakataza vijana hakufai. Wabelgiji hawakuweza kuwazuia vijana wa Usumbura wasijifunze Kiswahili, na waliozuia mitandao mwaka 2015 hawakuweza kuwazuia wasitafute habari. Chombo kinachofungua mlango uliofungwa hupata njia yake. Kinachowezekana ni kumzoeza kijana aingie akiwa macho.

Darasani kwangu nimeweka kanuni moja. Yeyote anayeleta maandishi aliyosaidiwa na mashine huyaeleza kwanza kwa Kiswahili au kwa Kirundi, kwa mdomo, mbele ya mwenzake. Mwenzake ana ruhusa ya kuuliza swali moja tu, lakini aweza kulirudia kwa kila sentensi: "Umejuaje?" Mwanzoni walicheka. Siku hizi naona wengine wanalinong'ona wenyewe kabla hawajaniletea karatasi. Juma lililopita yule mwanafunzi wa insha ya Rwagasore alikuja na barua ya kuomba kazi, ndefu, yenye Kifaransa cha kupendeza. Alikuwa amekata mstari juu ya sentensi mbili kwa kalamu. Nilipomwuliza sababu, alisema, "Zinasema nina uzoefu wa miaka mitatu, Mwalimu. Sina."

Barua ilibaki fupi kidogo, na yeye aliweza kuisoma yote aliyoitia saini.

Maswali ya kutafakari

1. Katika familia yako, ni nani aliyekuwa akiandika barua za ofisini, nawe ulijuaje kwamba ameandika ukweli?

2. Kati ya mambo manne yaliyotajwa na Venkatesh, ni lipi lililokusukuma wewe kuitumia akili unde, au kuikataa? Eleza kwa mfano.

3. Chagua tukio moja la historia ya mji wako. Liulize kwa akili unde, kisha mwulize mzee anayelikumbuka. Andika aya mbili kwa Kiswahili juu ya yale waliyokubaliana na yale waliyotofautiana.